Bambo Lisilotoboa

Mjini Sumbawanga ukimwuliza mtu Getruda anafanya kazi gani, atakwambia anatoa fotokopi. Ni kweli. Ana kibanda kilichobanwa kati ya duka la pembejeo na mama lishe mmoja, hatua chache kutoka sokoni, na humo anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti, anasafisha laptop zilizojaa vumbi na kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Kazi yake ya pili wachache wanaijua, na wanaoijua hawaielewi. Ukimwambia mtu wa hapo sokoni kwamba Getruda anatunza vifurushi, atauliza GB moja ni bei gani.

Vifurushi vyake si vya simu. Kuna mfumo wa kompyuta uitwao Linux, unaotolewa bure, na kuna miradi ya watu wa kila bara wanaoukusanya mfumo huo pamoja na maelfu ya programu zake. Kila programu inafungwa kama mzigo wa safari, inajaribiwa, inatiwa saini, ndipo mtu wa Brazili au wa kijijini Pito anaipakua na kuitumia bila wasiwasi. Wafungaji wenyewe wengi wanajitolea, na Getruda ni mmoja wao. Malipo yao ni kuaminiwa tu. Ukishatia saini yako, mtu usiyemjua atachukua mzigo wako bila kukuuliza umesoma wapi wala umevaa nini. Kwa mwanamke wa kibanda cha fotokopi hilo si jambo dogo, na Getruda alilipenda kuliko alivyothubutu kusema mbele ya mumewe Dominiko, dereva wa lori la Tunduma, ambaye anaamini kazi isiyolipa ni aina ya ugonjwa.

Kati ya mizigo hiyo, mmoja aliuzaa mwenyewe. Ni programu ndogo inayoitwa Kibaba. Unaunganisha mzani wa kidijitali na kompyuta, unaweka gunia la mahindi, Kibaba inasoma uzito, inatoa uzito wa gunia lenyewe, na kumchapia mkulima risiti ya nafaka yake halisi. Aliiandika kwa ajili ya kikundi cha wakulima cha kwao Pito, baadaye ikachukuliwa na watu wa nchi ambazo Getruda hawezi kuzionyesha kwenye ramani. Wanapimia kahawa. Mmoja aliwahi kumwandikia kwamba anapimia sufu ya kondoo.

Sasa, programu nayo hupimwa kabla ya kutolewa. Unaandika majaribio: ukiingiza hiki, lazima kitoke kile. Halafu unahitaji chombo cha kuyaendesha majaribio hayo yote na kukwambia kama mambo ni salama au si salama. Vyombo hivyo viko vingi. Getruda alitumia kinachoitwa Bambo, kwa sababu Bambo iliandikwa na Agnesi.

Bambo lenyewe, lile la chuma, kila mtoto wa Pito analijua. Ni kile kibomba chenye ncha kali ambacho mnunuzi anakichoma gunia ubavuni, punje zinatiririka mkononi, naye anaona kama ndani kuna ukungu, mawe au pumba zilizofunikwa na mahindi mazuri ya juu. Pale Pito anayelishika ni mzee Wilibrodi, mpimaji wa kikundi, na mzee huyu hana simile. Anachoma kila gunia. Mwaka mmoja alichoma la mkewe Albina, akakuta mahindi hayajakauka, akamrudishia mbele ya watu wote. Siku hiyo mzee hakupikiwa. Watu walicheka mpaka msimu ukaisha, lakini hakuna aliyethubutu tena kumletea mahindi mabichi.

Getruda na Agnesi walikulia wakitazama hayo. Agnesi alitangulia chuoni Mbeya mwaka mmoja, na Getruda alipofika bila laptop, Agnesi ndiye aliyemgawia nusu ya kiti na nusu ya kompyuta. Alimfundisha Linux. Akamfundisha lugha ya Python, ambayo baadaye Kibaba na Bambo zote ziliandikwa kwayo. Jaribio la kwanza kabisa la Kibaba waliliandika pamoja, mabega yakigusana: ukiweka gunia tupu mzanini, jibu liwe sifuri. Walicheka kwa furaha Bambo iliposema salama. Getruda alipojifungua Angela, hakutafuta mama wa ubatizo mwingine. Agnesi alimbeba mtoto kanisani, na tangu siku hiyo hakumwita tena Getruda kwa jina, alimwita Mama Angela.

Kisha Agnesi akapata kazi Dar es Salaam, kwenye kampuni yenye lifti na mashine ya kahawa. Krismasi alituma khanga. Pasaka alipiga simu. Kuhusu Bambo alinyamaza kabisa. Watu waliokuwa wakiitumia waliandika kuomba marekebisho, hawakujibiwa, wakahama mmoja mmoja. Getruda akabaki. Palipopasuka alipaka udongo mwenyewe, akamtumia Agnesi viraka vyake avipokee, navyo vikakaa bila kupokelewa.

Python ilipotoa toleo jipya, viraka havikutosha tena. Bambo ilikatika katikati, haikuweza kuendesha jaribio hata moja. Na sheria ya mradi haina huruma: mzigo ambao majaribio yake hayaendesheki hauingii kwenye toleo lijalo la mfumo. Kibaba ingetupwa nje, na wa Pito, wa kahawa na wa kondoo wangebaki na mizani mitupu.

Mreno mmoja wa kundi la ukaguzi, mtu wa maneno machache, akamwandikia Getruda. Bambo imetelekezwa, alisema. Ama uhamishe majaribio yako kwenye chombo kingine, ama tutoe tangazo la wazi kwamba mwenye Bambo hapatikani, ili mtu mwingine aichukue. Ndiyo taratibu zetu, hakuna ubaya.

Kwa Mreno hakukuwa na ubaya. Kwa Getruda ulikuwepo, tena mkubwa. Kwao mali ya mtu hugawiwa matanga yakishaanuliwa. Agnesi yu hai, anakula chipsi Dar es Salaam, leo umtangazie dunia nzima kwamba hapatikani na kazi ya mikono yake ichukuliwe na mpita njia? Mama wa ubatizo wa mwanao? Utamwambia nini mama yake mkikutana kisimani Pito? Hata kuhamia chombo kingine aliona ni kumhama Agnesi mwenyewe. Basi akajibu hivi, na maneno haya mbele ya safari yalimkaba: "Msitangaze. Mimi namfahamu. Ni mama wa ubatizo wa binti yangu. Atatengeneza. Nasimama mimi."

"Kama unasimama wewe, sawa," Mreno akajibu.

Akaanza kumpigia Agnesi. "Nitaitazama wikiendi hii, Mama Angela," Agnesi alisema. Wikiendi ikapita. "Huku kazini wamenibana, lakini nitaitazama." Ikapita nyingine. Getruda alimwambia mpaka aibu ikamshika yeye, mwombaji, kwamba siku ya mwisho inakaribia na amewapa watu neno lake. "Usijali, mdogo wangu. Nimewahi kukuangusha?" Hakuwahi. Getruda alijibu hivyo kwa moyo wote.

Siku ya mwisho ikiwa imeshabisha hodi, ujumbe ukaingia. Agnesi ametoa Bambo mpya. Kila kitu safi. Getruda alipiga kigelegele pale pale kibandani hadi mama lishe akaja na mwiko mkononi kuuliza nani kaolewa.

Hapa lazima niseme jambo. Getruda ni msomaji wa kutisha. Kazi ya mtu mwingine yeyote anaisoma mstari kwa mstari kabla ya kutia saini, na Mreno mwenyewe aliwahi kulalamika kwamba anachosha. Ya Agnesi hakuisoma. Kumsoma Agnesi namna ile aliona ni kama kumhesabia mgeni vipande vya nyama mezani. Akaifunga Bambo mpya jinsi ilivyokuja, akaendesha majaribio ya Kibaba, ambayo nayo alikuwa ameirekebisha ifuate Python mpya, yakahesabiwa yote na mwisho likatoka neno salama. Akatia saini. Akapeleka. Na kwa kuwa mavuno yalikuwa yameanza, akachukua flashi, akapanda bodaboda hadi Pito, akaweka Kibaba mpya kwenye laptop ya kikundi.

Wakulima walipima kwa siku kadhaa. Kisha mzee Wilibrodi akapiga simu, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Getruda, mwanangu, njoo. Watu wananiita mwizi."

Alifunga kibanda, akaenda. Ghalani alikuta watu wamesimama kimakundi, na katikati amesimama Masunga, Msukuma aliyepanda na ng'ombe wake kutoka Ilemba kule bondeni na kuhamia Pito, mtu mrefu mwenye upole unaoudhi.

"Mimi sijamwita mtu mwizi, mama," Masunga alisema. "Nimesema tu mahindi yangu yamepungua njiani. Na njia yenyewe ni kutoka kwangu mpaka hapa. Nilipima kule mashineni, nikapima hapa. Hapa kila gunia limekonda."

"Sisi tumepima hapa miaka yote," mwingine akadakia, "na miaka yote mzee alikuwa mkweli. Mwaka huu kapatwa na nini?"

Wilibrodi alikuwa ameegemea ukuta, bambo kwapani, amejikunja kidogo kama mtu aliyepigwa na baridi. Mkewe Albina alikuwa amesimama karibu naye, yule yule aliyemnyima chakula, safari hii akiwatazama watu kwa macho ambayo hakuna aliyetaka kuyapokea.

Getruda aliomba gunia tupu. Wakampa la sandarusi. Akalikunja, akaliweka mzanini peke yake, na wote wakainama kutazama kioo cha laptop. Jibu lilipaswa kuwa sifuri. Halikuwa sifuri. Kilikuwa kijistari cha kutoa, na tarakimu nyuma yake. Kwa hesabu ya Kibaba, lile gunia tupu lilikuwa linadaiwa mahindi.

Akaelewa papo hapo, na masikio yakamwaka moto. Alipoirekebisha Kibaba ikubaliane na Python mpya, alikuwa ameiambia itoe uzito wa gunia mahali pawili. Kila mkulima alikatwa gunia lake, kisha akakatwa tena.

"Mzee hajaiba," alisema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia. "Kosa ni langu. Nimekosea mimi kwenye programu. Mlioshapimiwa rudini na risiti zenu, kila gunia litaongezwa uzito wake. Mzee Wilibrodi hajui hata lilipotokea."

Masunga akaitikia kwa kichwa. Akaenda kwa mzee, akampa mkono, na kwa mkono wa pili akakishika kiwiko chake mwenyewe, kama mtu anavyompa mkono baba yake. Wilibrodi akaupokea. Kisha akamgeukia Getruda, si kwa ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mwanangu, si ulisema kile chombo chako kinajaribiwa kabla hakijaja kwetu?"

"Kinajaribiwa, baba."

"Kilichomwa?"

Getruda aliifunga laptop ya kikundi, akaenda kutafuta bodaboda.

Njiani kurudi mjini upepo ulimpiga usoni na hakuuhisi. Kukosea anakosea kila mtu, na ndiyo maana majaribio yapo. Kilichomkosesha raha ni kingine. Jaribio la gunia tupu lipo. Aliliandika yeye na Agnesi kwenye kiti kimoja. Kosa hili hasa, hili na si jingine, jaribio lile lingelishika shingo. Imekuwaje likasema salama?

Alifungua kibanda, akawasha kompyuta, na kwanza kabisa akaandika kwa Mreno aisimamishe Kibaba mpya isiendelee kusambaa: ina kosa la kutoa uzito mara mbili, kosa la Getruda. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliandika jaribio la uongo. Mbili kujumlisha na mbili ni tisa. Akaiita Bambo iliendeshe.

Salama.

Akaandika jingine: gunia la mahindi ni jepesi kuliko unyoya. Salama. Jingine: Getruda ni askofu. Salama, mama, salama kabisa, yote yamehesabiwa na yote ni salama.

Sasa akafungua kazi ya Agnesi na kuisoma jinsi alivyopaswa kuisoma siku ile. Haikumchukua muda. Agnesi hakuwa ametengeneza palipokatika. Aliona Bambo haiwezi tena kuendesha majaribio, basi akaiambia iyahesabu tu, itaje idadi yake, na mwisho iandike salama. Haikuwa ajali. Mtu haandiki hivyo kwa kuteleza. Agnesi alikuwa ameunda mpimaji anayepita mbele ya magunia akiyagusa kwa kidole na kusema hili zuri, hili zuri, bila kutoboa hata moja.

Getruda alikaa akitazama mistari ile mpaka mteja aliyetaka nakala ya kitambulisho akaondoka zake bila kuhudumiwa. Hasira ilichelewa kuja. Kilichotangulia kilikuwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa. Halafu hasira ikaja, ikakaa.

Alipaswa kumwandikia Mreno habari za Bambo jioni ile ile. Hakuandika. Jumapili Angela alikuwa anapata Kipaimara, na Agnesi alishakata tiketi ya basi kuja kumsimamia. Getruda akajiambia kwamba mtu husikilizwa kwanza. Nadhani, tukisema ukweli, alikuwa bado anatumaini kuna maelezo.

Agnesi alifika Jumamosi mchana, amevaa miwani mizuri, na sanduku limejaa. Alimletea Angela gauni jeupe na viatu vyeupe vyenye kifungo cha kung'aa, na binti akarukaruka uani kama ndama. Alimpa Getruda kitenge. Akavua viatu, akafunga khanga kiunoni na kuketi jikoni bila kuambiwa, akavuta ungo wa maharage ya sherehe kuyachambua. Hapo ndipo Getruda alipotaka kulia, kwa sababu alikuwa Agnesi yule yule.

"Dada Agnesi," alisema, akiwa amechutama upande wa pili wa ungo, "ile Bambo mpya uliijaribu?"

Vidole vya Agnesi vilisimama kidogo, vikaendelea. "Kwani ina nini?"

"Niliiambia mimi ni askofu. Ikakubali."

Agnesi akacheka, kicheko kifupi. Alipoona anacheka peke yake akaacha. "Mama Angela, nilikuwa nimechoka. Huwezi kujua. Narudi nyumbani kichwa kinauma, nafungua simu, wewe. Bambo, Bambo, Bambo. Ilitaka kuandikwa upya yote. Nani ana muda huo?"

"Ungeniambia umeshindwa. Ningeichukua mimi. Hata bure ningeichukua."

"Uichukue?" Agnesi akainua macho. "Ile ni kazi yangu, ina jina langu. Kule kazini wamenipandisha, na nilipoulizwa nimefanya nini maishani nilionyesha Bambo. Chombo changu, kinatumika kwenye Linux, kiko hai. Ningewaambia nini wakisoma tangazo kwamba kimetelekezwa na mwenyewe hapatikani?"

Getruda alihisi maharage yanamponyoka mkononi. Kumbe haikuwa uchovu. Agnesi alihitaji Bambo ionekane inapumua, basi.

"Mzee Wilibrodi ameitwa mwizi," alisema. "Mbele ya mkewe."

"Kwa hilo pole, kweli nampa pole. Lakini kosa la kutoa mara mbili si langu, ni lako."

"Ni langu. Na wewe ndiye uliyemfumba macho aliyepaswa kuliona."

Uani Angela alikuwa akitembea huku na huku kuvizoesha viatu, ko, ko, ko.

"Hukufikiri nitasoma?" Getruda akauliza. "Mimi, Agnesi? Unavyonijua mimi?"

Agnesi alichagua jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. "Nilijua hutasoma," alisema taratibu. "Wengine wangesoma. Wewe ya kwangu usingesoma."

Hilo ndilo lililomkata. Yale mengine, uvivu, cheo, hata Bambo yenyewe, angeweza siku moja kuyameza. Lakini heshima yake kwa mtu huyu, ile iliyomfanya awazuie watu wa mradi na kusema nasimama mimi, Agnesi aliijua, akaipima, akaona inafaa kujifichia.

"Niliwapa neno langu kwa ajili yako," alisema.

"Sikukutuma," Agnesi akajibu. Kisha akalainika, akamshika mkono. "Mdogo wangu. Andika kwamba ni bahati mbaya. Tutaitengeneza polepole. Usiniharibie. Sisi ni ndugu, yule pale ni mwanangu pia."

Getruda aliutoa mkono wake, akainuka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Watoto walisogea mbele kwa mistari, na nyuma ya kila mmoja msimamizi wake. Zamu ya Angela ilipofika, Agnesi akaweka mkono wa kuume begani mwa binti, kama inavyotakiwa, maana yake huyu namfahamu, namsimamia. Askofu akampaka mafuta. Getruda alikuwa benchi la tatu, na badala ya kusali alikuwa anautazama mkono ule. Ulikuwa umetulia vizuri.

Agnesi aliondoka na basi la Jumatatu alfajiri. Hawakugombana tena, waliagana kama wageni.

Asubuhi hiyo Getruda alifungua kibanda na kuitoa Bambo kwenye Kibaba. Python ina chombo chake chenyewe cha majaribio, kinakuja nayo, hakina jina tamu, hakuna anayemkumbuka aliyekiandika. Alihamishia majaribio yake humo, moja baada ya jingine, na la kwanza kulihamisha likawa gunia tupu. Akaliendesha juu ya Kibaba ile ile yenye kosa. Kioo kikageuka chekundu: si salama. Machozi yakamtoka. Kwa majuma mangapi hakuna kitu kilichomwambia ukweli? Akarekebisha kosa, akaliendesha tena, likapita, na safari hii alijua limepita. Akamalizia mengine.

Halafu akaandika tangazo ambalo alilizuia kwa mikono yake mwenyewe. Hakutukana. Alieleza Bambo mpya inafanya nini, na kwamba imefanywa hivyo kwa kukusudia. Akaomba iondolewe kwenye toleo lijalo, na wote wanaoitegemea waonywe. Mwisho aliandika, akafuta, akaandika tena, akaacha hivi: "Niliwaambia namfahamu mwenyewe. Simfahamu. Naondoa neno langu."

Jina kamili la Agnesi likakaa hapo juu, mahali ambapo yeyote duniani angeweza kulisoma. Kabla ya saa sita ujumbe wa Agnesi ulikuwa umeshaingia kwenye simu. Neno moja: "Umeniua." Getruda aliusoma, akaiweka simu kifudifudi.

Mreno alijibu jioni, soko likifungwa. Alishukuru. Marekebisho ya makosa bado yanapokelewa, alisema, kwa hiyo Kibaba itaingia kwenye toleo. Kisha akaongeza, kwa adabu yake ile ya maneno machache, kwamba kundi limezungumza, na kwa kuwa mzigo ule ulipita kwa saini ya Getruda na kwa neno lake, kuanzia sasa kazi zake zitasomwa na mtu wa pili kabla ya kupokelewa. Kwa muda. Anatumaini ataelewa.

Alielewa. Miaka yote ile saini yake ilikuwa inatosha. Alifikiria kumwandikia Mreno kwamba hakujua, kwamba alidanganywa na mtu aliyekula naye sahani moja. Ni kweli tupu, na haibadilishi kitu. Akamkumbuka mzee Wilibrodi na gunia la Albina, akaandika: "Sawa. Mnisome."

Angela akaingia, bado na viatu vyake vyeupe ingawa alishakatazwa kutembea navyo sokoni, simu ya baba yake mkononi.

"Mama, niprintie hii. Kubwa, ya ukutani."

Ilikuwa picha ya kanisani. Angela amefumba macho, kidole cha askofu kwenye paji la uso, na nyuma yake Agnesi na miwani yake, mkono begani.

"Umependeza," Getruda alisema.

"Na mama wa ubatizo kapendeza. Mama, mbona kaondoka hajaniaga?"

Getruda alikuwa na programu ya kukata picha, anaitumia kila siku kwa pasipoti, na angeweza kumwondoa Agnesi kwa mibofyo miwili akambakiza binti na askofu. Aliupeleka mshale pale, kwenye ukingo wa bega. Lakini mkono ungebaki. Usingeweza kuutoa mkono ule bila kukata bega la mtoto.

"Alikuwa anawahi basi," akasema, na akaichapa picha nzima.